Wapi pa Kutokea

Mjomba wangu wa Ikombe alipoiona kayaki yangu kwa mara ya kwanza, hakuuliza bei wala ilikotoka. Aliizunguka, akachuchumaa mchangani, akaingiza mkono hadi begani katika tundu la kukalia, akapapasa ubavu kwa ndani. Alipoutoa mkono akasema, "Mpwa wangu, aliyeunda hiki chombo na marehemu baba yangu walifikiri jambo moja."

Kwa msomaji wa Tanga au Mwanza, kauli hiyo inahitaji maelezo. Mtumbwi wa Ziwa Nyasa hauko wazi juu kama karai. Fundi hulichimba gogo kupitia mwanya mwembamba, akalipanua tumbo kwa ndani na kuziacha kingo zikijikunja kuelekeana. Mwanya unaobaki ni mdogo kiasi kwamba mpiga kasia hakai ndani. Hukaa juu ya kingo, miguu akaitumbukiza. Wimbi likipita juu ya mtumbwi wa namna hiyo, maji mengi huteleza na kurudi ziwani. Mbali kabisa na hapa, Wainuiti wa Greenland, ambao hawana miti ya kuchonga, walitanda ngozi za sili juu ya fremu ya mifupa na magogo yaliyoletwa na bahari, wakaacha tundu la kuingia kiuno cha mtu mmoja. Hiyo ndiyo kayaki. Watu wa barafu na watu wa chini ya Milima ya Livingstone hawakuwahi kuonana, lakini wote walijua kwamba chombo chembamba kinachokwenda kwenye mawimbi lazima mlango wake wa maji uwe mdogo.

Mimi ni mwalimu wa jiografia wilayani Kyela. Baba yangu ni Mnyakyusa wa bondeni kwenye mpunga na kakao. Mama yangu ni Mkisi, na bibi mzaa mama amefinyanga vyungu kijijini Ikombe maisha yake yote. Kayaki hii niliinunua mwaka 2011 kwa mgeni aliyekuwa anahama. Ni ya faiba, ina urefu wa mita tano na uzito wa kilo 27, na wakati huo ilikuwa imeshazeeka: rangi nyekundu imepauka, kamba za juu zimeoza, vifuniko vya mpira vimepasuka kama kisigino cha kiangazi. Watu wa Matema waliniuliza nitaifanyia nini. Niliwajibu kwamba nataka kwenda kwa bibi.

Ufukwe wa Matema unadanganya. Ukisimama kwenye mchanga wake asubuhi, maji yametulia, milima imejitokeza upande wa kushoto, unaona ziwa lote ni la kuchezea. Ila mchanga huo una mwisho. Ukipita Lyulilo, kule ambako soko la vyungu hufanyika Jumamosi, mlima unateremka moja kwa moja hadi majini na kuendelea kuteremka chini ya maji. Ziwa hili lina kina cha takribani mita 700 mahali pake pa ndani zaidi, na ukuta huu wa mashariki ni sehemu ya Bonde la Ufa lililolichimba. Vijiji vya Wakisi vimekaa kwenye vipande vidogo vya ardhi, mara nyingi pale kijito kilipoteremsha mchanga na mawe ya kutosha watu kujenga nyumba. Katikati ya kipande na kipande ni mwamba. Kwa vizazi vingi barabara yao kuu ilikuwa maji.

Kwa hiyo anayepanga safari ya kasia huku asianze na anakokwenda. Aanze na pa kutokea. Katika daftari langu kila safari ina mstari mmoja mrefu, ambao ni ukingo, na juu yake nimechora alama za aina mbili. Duara ni mahali ambapo kayaki inaweza kupanda mchangani hata kukiwa na mawimbi. Pembetatu ni mahali ambapo mtu anaweza kujiokoa mwenyewe, lakini chombo kitaumia. Pasipo alama ni mwamba mtupu. Naandika pia muda kati ya duara na duara, na siandiki kilomita, kwa sababu mkono unachoka kwa saa. Maji yakiwa shwari naenda kilomita nne hadi tano kwa saa. Upepo ukinikabili nafika mbili, na kuna siku nimepiga kasia kwa nusu saa nikiwa nautazama mti uleule.

Alama hizo sikuzipata kwenye ramani. Nilikaa na mjomba usiku mmoja, taa katikati yetu, akanitajia ukingo mzima hadi kijiji cha Lumbila, jiwe kwa jiwe: hapa pana mkuyu, hapa akina fulani huanika dagaa wa usipa, hapa usisogee kwa sababu kuna mawe chini ya maji kiasi cha shubiri moja. Nilimuuliza umbali. Alinijibu kwa mapumziko, kwamba kutoka hapa hadi pale ni kupumzika mara mbili. Niliporudi niliyapima mapumziko yake kwa saa yangu, na yalikuwa sawasawa kuliko nilivyotarajia.

Sasa upepo. Hapa ndipo nilipokosea, na nalisimulia kosa hilo kwa sababu nafundisha somo ambalo lingenizuia kulitenda.

Ziwa Nyasa ni refu na jembamba. Kutoka ncha hadi ncha ni takribani kilomita 570, lakini mahali pake papana zaidi hapafiki kilomita 80. Limelala kaskazini hadi kusini, na kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki huvuma kulifuata urefu wake kama pumzi ndani ya filimbi. Ndugu zetu wa Malawi wanauita mwera. Wimbi hukua kadiri upepo unavyopata maji marefu ya kulisukuma, na linaloanzia Malawi ya kusini halina pa kusimama hadi lifike kwetu. Kyela na Matema ndiyo mwisho wa filimbi. Ndiyo maana mtu anaweza kuamka Matema kusiwe na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba, huku mawimbi mazito yanapiga mchanga. Hayo yamezaliwa jana, mbali.

Na likizo yetu ya katikati ya mwaka huangukia Juni. Ndiyo nafasi ya mwalimu, nayo iko ndani ya miezi mibaya ya ziwa.

Juni 2012 niliondoka Ikombe kurudi Matema saa nne asubuhi. Nilichelewa kwa sababu bibi alikataa niondoke bila kula, nami nikakataa kumuudhi. Mjomba alitazama upande wa kusini, akasema mstari ule wa maji una meno. Alikuwa na maana kwamba upeo wa macho haukuwa mstari tena, ulikuwa umechongoka kama msumeno. Nilidhani nitawahi. Nilipofika katikati, mahali ambapo daftari halina alama, mawimbi yalikuwa yanatoka nyuma yangu na mengine yanatoka mbele. Wimbi likigonga mwamba haliishi hapo. Hurudi likakutana na linalokuja, na maji yakawa yanachemka yasiwe na mwelekeo. Nilikuwa nimejibana karibu na ukuta, nikidhani ukaribu wa nchi kavu ni usalama. Nchi kavu isiyo na pa kutokea ni ya kukaa nayo mbali. Ningekaa hatua 200 ndani ningekuta mawimbi makubwa lakini yenye mpangilio.

Nilitoka kwenye pembetatu. Wimbi liliiinua kayaki na kuiweka juu ya jiwe, nikasikia mlio ambao mtu hausahau, kama kibuyu kikikanyagwa. Mimi nilichubuka magoti tu. Kayaki ilipata ufa wa urefu wa kiganja na vidole vyake, chini ya kiti. Nilikaa pale hadi jua linakaribia kuzama, upepo ulipolegea, nikaja kuchukuliwa na wavuvi waliokuwa wakienda kutega. Hawakunisema neno. Mmoja alinipa hindi la kuchoma.

Ziwa hili limewameza waliokuwa na vyombo vikubwa kuliko changu. Julai 1946 meli ya Vipya, ambayo ilikuwa mpya kabisa, ilizama upande wa Malawi katika upepo wa msimu huohuo, na watu 145 walikufa. Mwezi huo naurudia kila mwaka darasani: Julai.

Tangu hapo kalenda yangu imegeuka. Safari ndefu nazifanya kuanzia Septemba hadi Novemba, ambapo kusi, upepo ule wa kusini-mashariki, imechoka na mvua bado haijakolea. Naomba ruhusa ya Ijumaa moja, naiunganisha na mwisho wa juma. Likizo ya Desemba naitumia kwa tahadhari, kwa sababu mvua za Kyela, ambazo ni kati ya nyingi zaidi nchini na hufikia kilele Aprili na Mei, huja na radi. Upepo wa mvua ni mfupi na mkali. Unaona pazia jeusi likishuka kutoka milimani Ukinga, na ndani ya dakika chache maji yote ni meupe. Ngurumo ya kwanza natafuta duara. Sisubiri ya pili.

Saa nazo zina sheria. Usiku milima hupoa na hewa hushuka kuelekea ziwani. Alfajiri unapata upepo mwororo wa mgongoni unaotoka nchi kavu. Jua likipanda, bonde la Kyela linapata joto na upepo hugeuka kutoka ziwani. Mimi huingia majini saa kumi na moja alfajiri na kutoka kabla ya saa nne. Kinachobaki cha siku ni cha kukaa na watu. Mgeni akiniambia anataka kupiga kasia kutwa nzima, namwuliza jioni atakuwa anatazamana na wimbi gani.

Usiku kabla ya kuondoka nasikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambao hutaja upepo mkali na mawimbi ya Ziwa Nyasa kwa jina lake. Asubuhi nawauliza wavuvi wa usipa wanaorudi na taa zao, maana hao wamelala juu ya maji. Mugonile, nawaamkia, halafu swali ni moja: kule nje kukoje? Wakisita kujibu, siendi. Mwenyekiti wa kijiji ninakokwenda anajua nitafika saa ngapi, na dada yangu Kyela mjini anajua saa ambayo, kama sijapiga simu, atampigia mwenyekiti. Chini ya miamba mtandao hupotea, hivyo miadi ya simu lazima iwekwe kwenye maduara.

Mambo mengine nayapitia haraka. Kwenye mdomo wa Mto Lufilyo kuna mamba na viboko. Zunguka kwa nje, usikate kona. Maji yaliyotulia kwenye matete yana kichocho, kwa hiyo pitia mahali pa wazi na upime kila mwaka. Ziwa halina kupwa na kujaa kama bahari, lakini kina chake hupanda na kushuka kwa majira. Baadhi ya fukwe zangu ndogo za Novemba zimefunikwa kabisa ifikapo Mei, na duara likageuka pembetatu. Ukiona wingu la moshi limesimama juu ya maji, huo si moshi. Ni wadudu wadogo wanaoibuka kwa mamilioni. Wapo wanaowakamata na kuwakandika kuwa mikate ya kukaanga, ila kupita katikati yao ni kuvuta pumzi ya wadudu, hivyo funga kitambaa puani au pita kando. Na jaketi la kujiokolea livaliwe. Maji haya ni baridi yasiyo na chumvi, hayakubebi kama ya Bahari ya Hindi.

Turudi kwenye ufa.

Niliipeleka kayaki kwa fundi wa pikipiki mjini aliyekuwa akiziba mabampa ya faiba. Alipaka rezini ya poliesta juu ya rangi kuukuu, akabandika kitambaa kwa nje, akapiga rangi. Ilipendeza. Safari ya tatu kiraka kilibanduka kizima kama ganda la kidonda. Kosa lilikuwa langu kama lake: niliangalia uso wa kazi, sikuuliza chini yake. Baada ya hapo nilijifunza kuifanya mwenyewe, na hivi ndivyo ninavyofanya hadi leo.

Kwanza naitafuta njia ya maji, na siitafuti majini. Naiweka kayaki juu ya mifuko miwili ya pumba, naikausha, kisha namimina ndoo mbili za maji ndani ya chumba kimoja na kwenda kunywa chai. Nikirudi, tone litakuwa limejionyesha kwa nje. Nalizungushia kalamu ya wino. Halafu chumba cha pili, kisha tundu la kukalia. Hivyo nikagundua kwamba maji mengi niliyokuwa nikiyalaumu kwa ufa yalikuwa yakipita kwenye ukuta wa ndani unaotenganisha vyumba, pale gundi ya zamani ilipoachia. Kuta hizo ndizo uhai wa chombo. Ukipinduka, chumba cha mbele na cha nyuma vikiwa vimefungwa, kayaki inaelea. Vikiwa vinapitisha, inasimama wima kama mtungi.

Kisha nakwangua kwa msasa mnene hadi faiba yenyewe ionekane, kwa ndani, nikipita ufa kwa vidole vitatu kila upande. Nafuta vumbi lote. Natumia gundi ya epoksi, kwa sababu hushika faiba kuukuu vizuri kuliko poliesta, ingawa bei yake inauma. Vitambaa nakata vipande vitatu, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia, na pembe zote naziviringa. Pembe kali ndiyo huanza kubanduka. Joto la Kyela huigandisha gundi mapema, kwa hiyo nachanganya kidogo kidogo, alfajiri. Na sifanyi kazi hiyo masika, maana hewa yenye unyevu huacha utando wa mafuta juu ya gundi na tabaka linalofuata halishiki. Msimu wa kusi, ambao ziwa limenifungia, ndio msimu wa ukarabati. Juni yangu sasa inatumika hivyo.

Vifuniko vya mpira sikupata vya kununua. Nilivifunika kwa tyubu ya gurudumu la trekta, nikaibana kwa kamba ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu hiyohiyo. Na kwa kuwa sikiamini kitu kilichowahi kupasuka, ndani ya vyumba nimefunga madumu matupu ya lita tano, vifuniko vimekazwa, matatu mbele na manne nyuma. Hata vyumba vikijaa, madumu hayajai. Tundu dogo la hewa, saizi ya sindano ya gunia, nimeliacha katika kila ukuta wa ndani. Bila hilo hewa ya chumba ikipata jua huvimba na kurusha kifuniko.

Adui mkubwa wa chombo kikuukuu siye mwamba, ni jua. Mjomba analijua hilo kuliko mimi. Mtumbwi wake wa mninga ni mkubwa kwangu kwa umri, nao haujaachwa juani hata siku moja. Huuvuta juu ya magogo, akaufunika kwa makuti, na kiangazi huumwagia maji ndani asubuhi na jioni, kwa sababu gogo likikauka kwa haraka hupasuka kuanzia vichwani. Nyufa zake ameziziba kwa nyuzi za pamba na lami, na juu yake kibati kilichopigiliwa misumari mifupi. Kuna mahali nilihesabu vibati saba. Nilimuuliza kwa nini asichonge mwingine. Alinijibu kwamba mninga wa unene huo sasa auonee wapi, na kwamba mtumbwi huu anajua unavujia wapi. Mpya angeanza kuujifunza upya, uzeeni.

Nikizungumzia matengenezo, ninapofundisha historia ya ukingo wetu huwasimulia wanafunzi habari za meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann. Agosti 13, 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliikuta Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhaven, ikaipiga mizinga. Baadhi ya vitabu hulitaja kama pambano la kwanza la majini la Vita ya Kwanza ya Dunia. Mimi huwaonyesha kitu kingine: Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Haikuweza kutoka.

Mwaka jana, Ijumaa ya mwisho ya Septemba, nilitua Ikombe saa mbili asubuhi. Bibi sasa haoni vizuri, lakini mikono yake bado inauzungusha udongo. Alinifungia chungu kimoja kwa majani makavu ya mgomba nikiuze kwa niaba yake Lyulilo kesho yake. Hakikuingia kwenye chumba cha mbele. Mdomo wa kayaki ni mdogo, kama nilivyosema. Mjomba alikipokea bila neno, akakipeleka kwenye mtumbwi wake, akakiweka katikati ya vyungu vingine vya soko. Jumamosi tuliondoka kungali giza, yeye mbele, mimi nyuma yake kidogo upande wa nje, nikiyafuata mapumziko yake. Maji yalikuwa shwari. Tulipofika Lyulilo nilifungua vyumba vyote viwili, nikaingiza sifongo mpaka pembeni kabisa na kuikamua juu ya kiganja. Yalitoka maji ya kijiko kimoja. Mjomba aliyatazama, akaenda kukumba yake kwa kopo.